Lamu Ilipofungwa na Maji ya Tana: Uchambuzi wa Kisa cha Mei 2024

Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2024, Kaunti ya Lamu ilifungika pande mbili kwa wakati mmoja. Upande wa bara, maji ya mto Tana yaliifunika barabara ya Garsen–Witu–Lamu katika maeneo ya Gamba na Lango la Simba, na magari yakasimama. Upande wa bahari, kimbunga Hidaya kilikuwa kikikaribia pwani ya Afrika Mashariki, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikawatahadharisha wavuvi na mabaharia wa mwambao mzima wa Kenya kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo taarifa za mafuriko hulipita haraka: Lamu haikufungwa na mvua iliyonyesha Lamu. Ilifungwa na maji yaliyotoka mbali, yaliyochukua siku kadhaa kufika, na ambayo njia yake inajulikana tangu zamani. Muda wa kujiandaa ulikuwepo. Walioubeba mzigo muda huo ulipopita ni watu wa kawaida, kwa vyombo vyao na kwa mifuko yao.

Anayetaka kukielewa kisa hiki hana budi kuanzia mbali na mwambao. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, una takriban kilomita 1,000, na unaanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Unapita katika mabwawa matano yaliyopangana kama ngazi, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unateremka Garissa, Hola na Garsen hadi kuingia baharini katika ghuba ya Ungwana karibu na Kipini. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa zaidi, na lina uwezo wa kuhifadhi maji takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Bwawa hilo likiwa na nafasi, huyameza mafuriko ya milimani na kuyaachia taratibu. Likijaa, kila tone linaloingia hutoka, na walio chini ya mto hupokea mafuriko yote kana kwamba bwawa halipo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika masika ya 2024. Kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ilitangaza waziwazi kwamba mabwawa yalikuwa yamejaa, na ikawataka wakazi wa bondeni wahamie sehemu za juu.

Baada ya Garissa ardhi ni tambarare. Mto hupinda na kujipinda, kingo zake ni fupi, na maji yakizidi hutapakaa mashambani na malishoni badala ya kukimbia. Kwa sababu hiyo wimbi la mafuriko halifiki delta, yaani uwanda mpana wa chini ambako mto unakaribia bahari, siku ileile linapopita Garissa. Huchukua siku kadhaa, na likishafika halipungui upesi, kwani delta yenyewe ni sinia pana lenye mlango mdogo wa kutokea baharini. Wapokomo wanaolima mpunga kwa kufuata maji yanavyopanda na kushuka, na Waorma wanaohamisha ng'ombe kulingana na mto, wanayajua haya bila kuelezwa na mtu. Wazee wa huko huihesabu miaka kwa maji yake: 1961, 1997, na sasa 2023 na 2024.

Barabara ya kutoka Garsen hadi Lamu, yenye urefu wa takriban kilomita 135, ilitiwa lami katika mradi ulioanza mwaka 2017 kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 10.8. Kwetu sisi watu wa Lamu lami hiyo ilikuwa neema, na sitaki kuidharau hata kidogo. Kabla yake, safari ya Malindi wakati wa masika ilikuwa ya kusukuma gari kwenye tope na pengine kulala njiani. Hata hivyo, barabara ya lami katika uwanda wa mafuriko ni tuta, na tuta linalokatiza njia ya maji hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huyazuia maji upande wa juu, yakajazana kuelekea vijijini na mashambani, na kisha, maji yakizidi kimo chake, huyaachia yapite juu yake pale lilipo chini kuliko kwingine, yakila kingo za lami na kuchimba udongo ulio chini. Makalavati machache, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, yaliyokadiriwa kwa mvua ya kawaida hayawezi kuupitisha mto mzima uliotoka katika mkondo wake. Ukiuliza kwa nini barabara hukatika Gamba na Lango la Simba, wala si mahali pengine, jibu lipo katika kimo cha ardhi: hapo ndipo delta inapopumulia maji yakijaa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mnamo Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño zilizochochewa pia na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, barabara hiyohiyo ilifunikwa sehemu zilezile. Mvua za msimu huo ziliua zaidi ya watu 100 nchini Kenya. Ikumbukwe kwamba mwezi mmoja tu kabla, Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba utabiri mpya ulionyesha mvua isingefikia kiwango cha El Niño kilichohofiwa. Maneno ya aina hiyo yana gharama yake, kwa maana mwenye duka aliyekusudia kuweka akiba ya unga na sukari huahirisha, na idara iliyotaka kusogeza vifaa karibu na mto huona hakuna haraka. Lakini hata tukiwasamehe watabiri wa mwaka 2023, hatuna la kujitetea nalo kwa mwaka 2024. Miezi sita ilikuwa imepita tangu maji yaonyeshe kwa vitendo ni wapi yatapita.

Tofauti kubwa kati ya misimu hii miwili haikuwa barabarani bali baharini. Novemba ni kipindi cha matlai, wakati kusi imekwisha na kaskazi haijashika, na bahari hutulia. Katika wakati kama huo, chombo chenye nahodha mzuri kinaweza kutoka Lamu hadi Malindi au Mombasa bila taabu kubwa, na jahazi linaweza kuleta shehena kama lilivyofanya kwa karne nyingi. Mei si hivyo. Kusi imeanza, bahari ya nje ya miamba ni chafu, na nahodha mwenye akili hupita ndani ya mikoko anapoweza. Juu ya hayo kikaja kimbunga Hidaya. Kwa kawaida vimbunga havifiki kwetu, kwa kuwa Lamu iko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuusokota upepo ukawa kimbunga. Hidaya kilipiga kisiwa cha Mafia nchini Tanzania tarehe 4 Mei 2024, kikapungua nguvu muda mfupi baadaye, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasimamishwa. Sisi tulipata makali ya pembeni tu. Hata hivyo tahadhari ilitosha kuufunga mlango wa bahari katika siku zilezile ambazo mlango wa bara ulikuwa chini ya maji.

Hapa ndipo nguvu za jamii zilipoonekana, na hapa ndipo pia panapohitaji kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanywa katika hotuba za pongezi. Abiria waliokwama Gamba walivushwa kwa boti na mitumbwi. Kazi ya kuvusha huonekana rahisi kwa anayeitazama kwenye picha, lakini inataka ujuzi wa pekee. Maji ya mafuriko si bahari na si mto. Yana mkondo mkali pale yanapovuka tuta, na hatua chache mbele hayana mkondo kabisa, na chini yake kuna visiki, nyaya za ua na mashimo yaliyochimbwa usiku uliotangulia. Mvushaji anayelijua eneo huishika njia ya barabara yenyewe kwa kuangalia miti na nguzo, kwa kuwa akiiacha anaweza kuangukia katika mkondo wa zamani wa mto. Huo ni ujuzi wa mvuvi wa delta, na hakuna afisa aliyetoka makao makuu anayeweza kujifunza kwa asubuhi moja.

Lakini ujuzi bila vifaa hauokoi. Tarehe 28 Aprili 2024, huko juu karibu na Madogo, boti iliyokuwa ikivusha watu katika barabara iliyofunikwa na mafuriko ilipinduka na watu wakafa. Wiki chache kabla, basi lililobeba abiria wapatao 50 lilisombwa na maji katika kaunti hiyohiyo ya Tana River, na kwa rehema za Mungu wote wakaokolewa. Mambo hayo mawili yangetosha kuwa sababu ya kupeleka jaketi za kuokolea maisha, kamba na watu wa kuhesabu abiria katika kila kivuko cha dharura kilichozuka kandokando ya mto. Kivuko cha dharura hakihitaji kubuniwa na serikali, maana watu watakibuni wenyewe asubuhi ya kwanza. Kinachohitajika ni kukitambua mapema, kukiwekea kiwango cha abiria, na kumlipa mwenye chombo.

Nalisisitiza hilo la malipo. Mtu anaposema kwamba wenyeji walijitolea, aulize ni nani aliyenunua petroli. Mwenye boti aliyeacha uvuvi wake ili avushe watu ana mashine ya kulisha, na mashine hailishwi kwa shukrani. Asipolipwa na mfuko wa umma atamtoza abiria, na hapo maskini ndiye anayebaki ng'ambo. Nauli ya safari moja inagawanyika kuwa tatu: gari la kwanza hadi kwenye maji, chombo cha kuvukia, na gari la pili linalongoja upande wa pili. Mama anayerudi Lamu na watoto wawili na mafurushi hulipa kila hatua kwa kila kichwa, na mahamali wanaobeba mizigo kutoka lori hadi boti nao wana haki yao. Sioni haya kuwa ulanguzi kwa kila hali. Mara nyingi ni hesabu ya kweli ya kazi ngumu, ambayo jamii iliachiwa iigharamie yenyewe.

Kuna mnyororo mwingine usioonekana haraka, nao ni wa mafuta. Petroli na dizeli ya Lamu huletwa kwa malori ya matangi kutoka Mombasa kupitia barabara hiyohiyo hadi Mokowe, kituo cha bara cha kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu. Kisiwani hakuna magari mengi, ila kila kitu kinachotembea majini kinakunywa mafuta hayo: boti za kutoka jeti ya Mokowe kwenda mjini, boti za Faza na Kizingitini, boti zinazobeba wagonjwa. Kwa hiyo barabara inapokatika, njia mbadala ya baharini nayo huanza kukosa pumzi siku chache baadaye. Anayesema kwamba watu wa Lamu ni watu wa bahari na hawawezi kukwama hajaufuata mnyororo huu hadi mwisho wake. Tanga bado lipo, na mabaharia wa Matondoni na Pate hawajasahau kazi yao, lakini jahazi la tanga haliwezi kumfikisha mjamzito hospitalini kwa saa iliyotajwa na daktari.

Suala la hospitali ndilo linalonigusa zaidi. Hospitali ya King Fahd iliyo mjini Lamu hushughulikia mengi, lakini mgonjwa mahututi hupelekwa Malindi au Mombasa, na aghalabu kwa njia ya barabara baada ya kuvushwa hadi Mokowe. Barabara ikifungwa, kinachobaki ni ndege kutoka uwanja wa Manda kwa aliye na uwezo, au kwa aliyebahatika kufadhiliwa. Familia hukusanya michango usiku kwa simu, msikitini hutangazwa baada ya swala, jamaa walio Mombasa na Uarabuni hutuma walichonacho. Nimeona wepesi wa watu katika jambo hili, nami nauheshimu sana. Hata hivyo, mchango ni bahati: mwenye ukoo mkubwa huupata, na mgeni aliyekuja kufanya kazi ya kibarua katika miji ya Hindi au Mpeketoni, huku bara ya Lamu, hana wa kumpigia simu.

Kwa upande wa chakula, Lamu haikufa njaa, na ni vyema kusema hivyo bila kutia chumvi. Samaki wapo, nazi zipo, na Mpeketoni ni ghala la mahindi na matunda ambalo liko upande wetu wa maji. Kinachopanda bei kwanza ni kile kinachotoka mbali: vitunguu, viazi, nyanya, unga wa pakiti, sukari, gesi ya kupikia. Kwa maoni yangu lami imechangia udhaifu huu bila mtu kukusudia. Zamani mwenye duka alijaza stoo kabla ya masika kwa kuwa alijua barabara haitapitika. Barabara ilipokuwa nzuri, akaanza kuagiza kidogo kidogo kila wiki, na fedha zake akazitia penginepo. Hakukosea, maana biashara inataka hivyo. Ila stoo iliyokuwa ikitulinda imetoweka, na hakuna aliyeweka nyingine mahali pake. Katika siku za ukosefu, wanunuzi huandikiwa katika daftari la duka, na deni la mafuriko hulipwa hadi miezi mingi baadaye.

Wavuvi walipata hasara ya upande wa pili. Kamba na samaki wa Kiunga na Kizingitini husafirishwa kwa barafu kwenda Malindi na Mombasa, na barafu haingoji. Lori likikwama Gamba siku mbili, mali imeharibika, na mchuuzi aliyekopa ili anunue anabaki na deni bila bidhaa. Taarifa za maafa huhesabu nyumba zilizobomoka na mifugo iliyokufa, na ni haki zihesabiwe. Hasara ya mchuuzi huyu haina safu katika fomu yoyote ninayoijua.

Barabara hii ina jambo jingine lisiloweza kuachwa, nalo ni usalama. Eneo la Nyongoro, kati ya Gamba na Witu, lilishambuliwa na wanamgambo wa Al-Shabaab tarehe 2 Januari 2020, abiria wakauawa. Katika miaka hiyo magari yalizoea kusafiri kwa ulinzi wa polisi na kwa saa zilizopangwa. Kwa hiyo basi lililokwama kwenye maji jioni halikabiliwi na maji peke yake. Abiria hawawezi kuambiwa walale porini hadi kupambazuke, na polisi waliotakiwa kulinda msafara wanajikuta wakilinda makundi mawili ya watu waliotengwa na maji. Mpango wowote wa mafuriko kwa barabara hii usiomshirikisha anayepanga ulinzi wake ni mpango wa nusu safari.

Tukija kwenye uwajibikaji, kisa kinakuwa kigumu kwa sababu za mipaka. Barabara ni ya mamlaka ya kitaifa. Sehemu zinazokatika ziko Tana River au karibu na mpaka wake na Lamu, ilhali wanaotengwa ni wakazi wa Lamu, waliohesabiwa kuwa 143,920 katika sensa ya 2019. Mabwawa yako katika kaunti nyingine kabisa, chini ya shirika jingine. Kaunti ya Tana River ilikuwa na maelfu ya watu wake waliohama makazi, na kipindupindu kiliripotiwa huko mwezi huohuo wa Mei, kwa hiyo haingetarajiwa iwatangulize abiria wa Lamu. Msalaba Mwekundu ulifanya kazi kubwa kando ya mto, na ni sawa kwamba ulianza na waliopoteza nyumba. Abiria aliyekwama hana ofisi iliyo yake. Yuko katika kaunti isiyo yake, juu ya barabara ya mamlaka isiyokuwepo hapo, akisubiri maji yaliyoachiwa na shirika asilolijua.

Njia nyingine ya bara ingepunguza uzito huu. Mradi wa LAPSSET, yaani ule wa bandari na njia za kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa mwezi Machi 2012, uliahidi barabara ya Lamu hadi Garissa kupitia Ijara, na bandari ya Lamu ilianza kazi tarehe 20 Mei 2021 kwa gati lake la kwanza. Lakini barabara hiyo bado haikuwa njia ya kutegemewa mwaka 2024, kwa sababu ya ujenzi usiokamilika na hofu ya mashambulizi. Hata umeme wa Lamu hutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen kwa laini ya kilovolti 220, ambayo nayo inavuka bonde la Tana. Barabara, mafuta na umeme vyote vimepitishwa katika ukanda mmoja wa ardhi ya chini.

Kuhusu la kufanya, mimi naanza na kimo cha maji. Kipimo cha Garissa husomwa, na mabwawa hutoa taarifa. Kinachokosekana ni kuigeuza taarifa hiyo kuwa tarehe kwa lugha ambayo dereva, mwenye duka na mganga wa zahanati wa Witu wanaielewa: maji haya yatafika Gamba baada ya siku kadha, kwa hiyo matangi ya mafuta yapite sasa, wajawazito walio karibu kujifungua wenye matatizo wapelekwe Malindi sasa, na wanafunzi wa shule za bweni wasiondoke. Mwaka huo shule zilipaswa kufunguliwa tarehe 29 Aprili, zikaahirishwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, na hatimaye zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kuna watoto waliokuwa tayari njiani.

Pili, vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi wote wanavijua kwa jina la BMU, vina orodha za vyombo na manahodha. Orodha hizo zinaweza kuwa msingi wa makubaliano yanayotiwa saini wakati wa kiangazi: chombo fulani, abiria wasiozidi idadi fulani, malipo ya kila siku kutoka mfuko wa dharura wa kaunti, na akiba ya petroli iliyotengwa Mokowe isiyoguswa kwa biashara. Kaunti za Lamu na Tana River zinaweza kuyaandika makubaliano hayo kwa pamoja, kwa kuwa boti za upande mmoja zitavusha watu wa pande zote mbili.

La tatu ni tuta lenyewe, na hapa natoa angalizo. Rai inayosikika mara nyingi ni kwamba barabara iinuliwe. Kuinua peke yake ni kuligeuza tuta kuwa bwawa, na maji yatakayozuiwa yataingia katika nyumba na mashamba ya mpunga ya watu wa delta, ambao hawasafiri kwenda Lamu mara nyingi na ambao hawakuulizwa wakati lami ilipopita. Kinachofaa ni nafasi pana za kupitishia maji, madaraja marefu ya chini katika sehemu zilezile ambazo mto umekwisha kuzichagua mara mbili katika miezi sita, na vipimo vichukuliwe mapema, kabla alama za maji ya 2024 hazijafutika kwenye kuta na mashina ya miti, na wakati wanaozikumbuka kwa macho yao bado wako Gamba kuwaonyesha wahandisi.